Nani Aliwapisha? Miaka Hamsini ya Mrengo Mkali wa Kulia Ufaransa

Mei 1974 Wafaransa walikwenda kumchagua mrithi wa Rais Georges Pompidou, aliyefariki akiwa madarakani. Miongoni mwa wagombea alikuwamo Jean-Marie Le Pen, mwenye umri wa miaka 45, aliyewahi kuwa askari wa miavuli, jicho moja amelifunika kwa kitambaa cheusi. Alipata kura 190,921, yaani asilimia 0.75. Aprili 2022, katika duru ya pili ya uchaguzi wa urais wa nchi hiyohiyo, binti yake Marine alipata kura zaidi ya milioni 13, asilimia 41.45.

Kati ya tarakimu hizo mbili kuna miaka 48, na ndiyo ninayotaka kuisimulia. Ufaransa haiko peke yake. Viktor Orbán alirudi madarakani Hungaria mwaka 2010, Jair Bolsonaro akashinda Brazili mwaka 2018, Giorgia Meloni akawa waziri mkuu wa Italia mwaka 2022, na Februari 2025 chama cha AfD kikashika nafasi ya pili Ujerumani. Kila nchi ina kisa chake. Kisa cha Ufaransa ni kirefu, na kila hatua yake ina mwaka wake na mji wake. Ukizifuata hatua hizo moja baada ya nyingine, unakuta jambo linalosahaulika kila yanapotangazwa matokeo: watu hawa wa mrengo mkali wa kulia walikuwa wachache kwa muda mrefu sana, na mara nyingi walisonga mbele kwa sababu wenye nguvu kuliko wao waliwapisha.

Mizizi iliyofukiwa

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika, mrengo huu ulikuwa umefedheheka. Serikali ya Vichy, chini ya Philippe Pétain, ilishirikiana na Wanazi tangu 1940 hadi 1944, na polisi wa Ufaransa wenyewe ndio waliowakamata Wayahudi na kuwapakia kwenye treni za kwenda kwenye kambi za mauaji. Baada ya aibu ile ni wachache waliothubutu kujiita warithi wa Vichy. Wafuasi wake walikuwa bado hai, ila walikuwa wamenyamaza.

Sauti ya kwanza ilisikika madukani. Mwaka 1953, katika mji mdogo wa Saint-Céré, mwenye duka la vitabu na karatasi aitwaye Pierre Poujade aliwakusanya wafanyabiashara wenzake kuwazuia maofisa wa kodi waliokuja kukagua hesabu zao. Ghadhabu hiyo ikaenea nchi nzima, na katika uchaguzi wa Januari 1956 kundi lake likapata viti takriban hamsini bungeni. Mmoja wa wabunge hao alikuwa Le Pen, mtoto wa mvuvi wa Brittany, akiwa na miaka 27 tu.

Mwaka uliofuata alikuwa Algiers na kikosi cha miavuli, katika vita ambavyo Ufaransa ilipigana ili isiiachie Algeria. Waalgeria waliopitia mateso walimtaja kwa jina kuwa mtesaji. Mwaka 1962 alikiri gazetini, kisha akakanusha kwa maisha yake yote yaliyobaki. Mwaka huohuo Algeria ikapata uhuru, na walowezi wapatao laki nane wakavuka bahari kwenda Ufaransa. Wengi wao walikaa pwani ya kusini wakiwa na uchungu wa kupoteza nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao. Uchungu ule ulihitaji mtu wa kulaumiwa.

Tarehe 5 Oktoba 1972 ndipo kikaundwa chama cha Front National. Mezani walikaa watu wa aina nyingi: waliokuwa wametumikia wanamgambo wa Vichy, watetezi wa Algeria ya Kifaransa, vijana wa makundi ya mitaani, na mtu mmoja, Pierre Bousquet, aliyewahi kuvaa sare ya SS. Nembo yao, mwenge wa rangi tatu, waliinakili kutoka chama cha MSI cha Italia, kilichoasisiwa mwaka 1946 na wafuasi wa Mussolini. Mwenge huohuo umo hadi leo katika nembo ya chama cha Giorgia Meloni.

Kwa miaka kumi hawakufika popote. Mwaka 1981 Le Pen alishindwa hata kupata saini 500 za viongozi wa kuchaguliwa ambazo sheria inamtaka kila mgombea urais awe nazo. Wanasiasa wakubwa walimpuuza. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kura za Dreux

Wakati huo uchumi ulikuwa umegeuka. Baada ya vita Ufaransa ilikuwa imeita vibarua kutoka kila upande: Italia, Ureno, Algeria, Moroko. Kampuni ya taifa ya makaa ya mawe ilimtuma Félix Mora, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, kuzunguka vijiji vya kusini mwa Moroko. Vijana walipangwa mstari vifua wazi, akawakagua misuli na meno, kisha akawagonga muhuri kifuani: wa kijani kwa aliyefaa, mwekundu kwa aliyekataliwa. Maelfu kwa maelfu waliingia migodini kwa njia hiyo. Lakini bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, na Julai 1974 serikali ikasimamisha uajiri wa wafanyakazi kutoka nje. Kufikia 1982 wasio na kazi walizidi milioni mbili, na Front National ikaja na hesabu nyepesi: idadi ya wasio na kazi ni idadi ya wageni waliozidi. Waliogongwa mihuri kwa sababu walihitajiwa, sasa wakawa mzigo wa kuondolewa.

Hesabu hiyo ilijaribiwa Dreux, mji wa viwanda ulio yapata kilomita 80 magharibi mwa Paris. Mwaka 1978 Jean-Pierre Stirbois wa Front National alipata asilimia mbili tu hapo. Hakuondoka. Yeye na mkewe walipita nyumba kwa nyumba na ngazi kwa ngazi katika majengo ya wafanyakazi, wakizungumza juu ya kazi, wizi na wahamiaji. Mwaka 1982 akapata asilimia 12.6. Septemba 1983, uchaguzi wa manispaa uliporudiwa, orodha yake ikapata asilimia 16.7 katika duru ya kwanza.

Vyama vikuu vya mrengo wa kulia vilikuwa na wiki moja ya kuamua. Wangeweza kumkataa Stirbois na pengine kuipoteza manispaa kwa Wasoshalisti wa Françoise Gaspard. Waliamua kuunganisha orodha zao na yake. Wapo wenzao wachache waliopinga, akiwamo Simone Veil, mwanamke aliyenusurika Auschwitz, aliyesema angekuwa mpiga kura wa Dreux asingempigia yeyote. Lakini viongozi wengi walijitetea kwamba mji mmoja si kitu. Muungano ukashinda, na watu wa Front National wakaketi ndani ya baraza la mji wakiwa washirika halali wa watu waheshimiwa. Hapo ndipo nidhamu ya miaka arobaini ya kuwatenga ilipovunjwa.

Miezi mitano baadaye, Februari 1984, Le Pen alialikwa katika kipindi kikubwa cha siasa cha televisheni ya taifa. Juni mwaka huohuo chama chake kikapata asilimia 10.95 na viti kumi katika Bunge la Ulaya.

Kosa halikuwa la mrengo wa kulia peke yake. Rais François Mitterrand, Msoshalisti, aliona mapema kwamba Le Pen angewagawa wapinzani wake. Mwaka 1985 serikali yake ilibadilisha sheria ya uchaguzi na kuleta mfumo wa uwiano. Waziri wake Michel Rocard alijiuzulu kwa kuupinga. Machi 1986 Front National ikaingia bungeni na wabunge 35. Mwaka uliofuata Le Pen alisema redioni kwamba vyumba vya gesi vya Wanazi ni jambo dogo tu katika historia ya vita. Mahakama zilimwadhibu, lakini mwaka 1988 alipata asilimia 14.4 ya kura za urais.

Mwaka wa risasi na viza

Msomaji wa pwani yetu atauelewa mwaka 1995 kwa uchungu wa karibu, kwa sababu unawahusu ndugu zetu wa Komoro.

Marseille ina jamii kubwa ya Wakomoro. Usiku wa tarehe 21 Februari 1995, Ibrahim Ali, kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Komoro, alikuwa akitoka mazoezini na wenzake wa kundi la rap la B-Vice. Walikuwa wakikimbia kuwahi basi katika mitaa ya kaskazini mwa mji. Njiani walikutana na wanaume watatu waliokuwa wakibandika mabango ya kampeni ya Le Pen. Mmoja akatoa bastola. Ibrahim Ali alipigwa risasi ya mgongoni, akafa. Aliyefyatua alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Kila mwaka tangu hapo familia na marafiki wamekuwa wakikusanyika mahali alipoangukia, na mwaka 2021 manispaa ya Marseille ikaipa barabara ile jina lake.

Mwezi mmoja kabla ya risasi ile, serikali ya Waziri Mkuu Édouard Balladur, mtu wa mrengo wa kulia wa kawaida, ilikuwa imeamuru kwamba Mkomoro hawezi kuingia Mayotte bila viza. Mayotte ni mojawapo ya visiwa vinne vya Komoro. Wakazi wake walichagua kubaki chini ya Ufaransa wenzao wa visiwa vingine walipopata uhuru mwaka 1975. Kutoka Anjouan hadi Mayotte ni kilomita 70 tu za bahari, ambazo watu walikuwa wakizivuka kuoa, kuuza na kutibiwa. Baada ya amri ile walianza kuvuka usiku kwa mashua ndogo ziitwazo kwassa-kwassa, na maelfu wamezama. Amri hiyo haikutiwa saini na Le Pen. Ilitiwa saini na watu waliojiona wapinzani wake, lakini ilisema alichotaka kusema.

Mavuno yalikuja baadaye. Mayotte ni kisiwa cha Waislamu, na Kimaore kinachosemwa huko ni ndugu wa Kiswahili. Waasisi wa 1972 wasingewahesabu watu wake kuwa Wafaransa kamili. Hata hivyo, katika duru ya pili ya mwaka 2022, asilimia 59 ya waliopiga kura Mayotte walimchagua Marine Le Pen, na mwaka 2024 kisiwa hicho kikampeleka bungeni Anchya Bamana wa chama chake. Ni kisiwa maskini: hospitali zimeelemewa, madarasa yanapokezana wanafunzi asubuhi na jioni, na maji hukatika. Serikali moja baada ya nyingine ziliwaambia wakazi kwamba chanzo cha shida hizo ni jirani aliyevuka kutoka Anjouan, mara nyingi binamu yao. Wakisikia hivyo kwa miaka thelathini, wengi wakaona heri kumpigia kura mwenye maneno hayo kuliko aliyeyaazima.

Aprili 21

Jioni ya tarehe 21 Aprili 2002, saa mbili kamili, televisheni za Ufaransa zilionyesha nyuso mbili za waliofuzu kuingia duru ya pili ya urais. Ya kwanza ilikuwa ya Jacques Chirac, kwa asilimia 19.88. Ya pili ilikuwa ya Jean-Marie Le Pen, kwa asilimia 16.86. Waziri Mkuu Lionel Jospin, Msoshalisti, alikuwa ameachwa kwa kura zisizofika laki mbili, na usiku uleule akatangaza kwamba anastaafu siasa. Wagombea walikuwa 16, na kura za mrengo wa kushoto zilitapanywa huku na huko kwa imani kwamba duru ya kwanza haina hatari.

Kilichofuata kinastahili kukumbukwa. Tarehe 1 Mei watu zaidi ya milioni moja waliandamana nchi nzima. Wasoshalisti na Wakomunisti waliwaambia wafuasi wao wampigie Chirac, mtu waliyempinga maisha yao yote. Chirac naye alikataa kufanya mdahalo na Le Pen. Tarehe 5 Mei alishinda kwa asilimia 82.21.

Ukubwa wa ushindi ule uliwalewesha watu. Wengi walidhani ugonjwa umepona. Chirac aliongoza kama aliyechaguliwa na chama chake tu, wakati mamilioni ya wapinzani walikuwa wamempa kura zao. Nicolas Sarkozy, alipogombea mwaka 2007, aliahidi wizara ya uhamiaji na utambulisho wa taifa, na aliposhinda akaiunda. Le Pen mzee alishuka hadi asilimia 10.4, na chama chake kikaishiwa fedha kiasi cha kuuza makao yake makuu. Ilionekana Sarkozy amemmaliza. Ukweli ni kwamba alikuwa ameyahamishia maneno ya Le Pen ndani ya ofisi za serikali, na aliyekuja baadaye kuyadai aliyakuta yamekwisha kuzoeleka.

Hénin-Beaumont

Aliyekuja kuyadai ni Marine, aliyechaguliwa kuongoza chama Januari 2011. Alikuwa amekwisha kuchagua uwanja wake: Hénin-Beaumont, kaskazini, katika bonde la makaa ya mawe.

Hapo ndipo penye funzo kubwa kuliko yote. Nchi ile ilikuwa ngome ya mrengo wa kushoto kwa karne nzima. Migodini walikuwamo Wapoland waliokuja miaka ya 1920 na Wamoroko wenye kumbukumbu ya muhuri, na chama cha wafanyakazi kilikuwa nyumba ya wote. Shimo la mwisho la makaa katika bonde hilo lilifungwa Oignies, jirani na hapo, Desemba 1990. Kilichobaki kilikuwa kiwanda cha Metaleurop cha kuyeyusha madini ya risasi na zinki huko Noyelles-Godault. Januari 2003 kampuni mama ilikata fedha, na wafanyakazi zaidi ya 800 wakapoteza ajira bila mpango wowote wa kuwasaidia. Udongo wa bustani zao ulibaki umejaa sumu ya kiwanda.

Katika mji uleule manispaa ilizama katika madeni. Aprili 2009 meya wa mrengo wa kushoto alikamatwa kwa ubadhirifu wa fedha za umma, na baadaye akatiwa hatiani. Kwa miaka hiyo yote Steeve Briois, aliyejiunga na Front National akiwa kijana mdogo na kuwa diwani mwaka 1995, alikuwa sokoni, kwenye mazishi na kwenye ngazi za majengo. Alijua nani ana mgonjwa na nani amekatiwa umeme. Machi 2014 alishinda umeya katika duru ya kwanza kwa asilimia 50.25. Mwaka 2020 alichaguliwa tena kwa asilimia zaidi ya 70.

Ni rahisi kuwaita wapiga kura wale wabaguzi na kufunga mjadala. Wabaguzi wamo. Lakini wengi wao walikuwa wamekaa miaka kumi wakisubiri mtu wa kubisha hodi, na aliyebisha alikuwa mmoja tu.

Sura mpya, mwenge uleule

Marine alikisafisha chama kwa nje. Mwaka 2015 alimfukuza baba yake aliporudia kauli yake kuhusu vyumba vya gesi, na mwaka 2018 akabadili jina la chama kuwa Rassemblement National. Mashambulizi ya Paris ya mwaka 2015, yaliyoua watu 130 usiku mmoja wa Novemba, yaliwapa woga wa kutosha wa kuuza. Hata hivyo, Desemba mwaka huohuo, chama kilipoongoza duru ya kwanza ya uchaguzi wa mikoa katika mikoa sita kati ya 13, hakikushinda hata mmoja. Kaskazini na kusini mashariki Wasoshalisti walijiondoa ili kuwaachia wapinzani wao nafasi ya kushinda, wakakubali kukaa miaka sita bila diwani hata mmoja katika mabaraza hayo.

Tarehe 9 Juni 2024 Rassemblement National ilipata asilimia 31 ya kura za Ufaransa katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Saa moja baadaye Rais Emmanuel Macron akavunja bunge. Tarehe 30 Juni chama hicho na washirika wake wakaongoza duru ya kwanza kwa asilimia 33. Serikali ilionekana imo mikononi mwao. Ndani ya siku mbili wagombea zaidi ya 200 wa mrengo wa kushoto na wa kati walijiondoa, kila mmoja akimwachia mpinzani wake. Tarehe 7 Julai waliotarajiwa kushika nchi wakatoka wa tatu, wakiwa na viti zaidi ya 140.

Jean-Marie Le Pen alifariki tarehe 7 Januari 2025, akiwa na miaka 96. Tarehe 31 Machi mwaka huo mahakama ya Paris ilimtia binti yake hatiani kwa matumizi mabaya ya fedha za Bunge la Ulaya na kumzuia kugombea kwa miaka mitano. Yeye alikata rufaa. Wapo waliodhani hukumu hiyo ndiyo mwisho wa habari. Historia niliyoisimulia inakataa. Chama hiki kilikosa saini, kikagawanyika vipande viwili mwaka 1999 na kikaishiwa fedha, na bado kilinusurika. Hakimu anaweza kumwadhibu aliyevunja sheria. Hawezi kurudisha kiwanda Noyelles-Godault wala kujenga shule Mayotte.

Nikiiangalia miaka yote hii, naona maamuzi yaliyofanywa na watu wenye majina, wakiwa na njia nyingine mbele yao. Dreux wangeweza kukataa. Mitterrand angeweza kumsikiliza Rocard. Balladur angeweza kuiacha bahari ya Komoro kama ilivyokuwa. Na kila walipoamua kuwakataa, mwaka 2002, 2015 na 2024, wananchi wa vyama vinavyochukiana waliweza kuwasimamisha ndani ya siku chache tu. Uwezo huo upo, na umethibitika. Unapopungukiwa ni pale unapotumika usiku wa uchaguzi pekee, halafu watu wa Hénin-Beaumont wakaachiwa miaka mingine mitano wabishiwe hodi na chama kilekile. Anayetaka demokrasia idumu, Ufaransa au kwingine, aanze kubisha hodi hizo mwaka ambao hakuna uchaguzi, na akatae kuazima maneno ya anayewachukia jirani zake hata pale yanapoahidi ushindi.